Kurudi mazoezini baada ya kuugua: misuli hutangulia, kano hufuata

Mtu aliyelala kitandani wiki kadhaa kwa homa ya mapafu, upasuaji au ugonjwa mwingine mzito, akiuliza aanze vipi mazoezi, mara nyingi huambiwa "anza taratibu". Ushauri huo ni sahihi ila haumfikishi mbali. Haumwambii taratibu ni kiasi gani, wala haumwambii kwamba mwili wake haurudi wote kwa mwendo mmoja. Maji ya damu hurudi baada ya siku chache. Mawasiliano ya neva na misuli huimarika kwa wiki. Misuli yenyewe hujaa kwa miezi. Kano zinazoshikiza misuli kwenye mifupa, pamoja na makovu ya upasuaji, huja mwisho kabisa.

Kupishana huko ndiko kunakowaponza watu. Wiki ya kwanza mtu ni dhaifu, anajua ni dhaifu, kwa hiyo anajihadhari. Baada ya mwezi pumzi imerudi, miguu haitetemeki tena, hamu ya kula ipo, naye anajiona mzima. Hapo ndipo anapojaribu kufanya yale aliyokuwa akiyafanya kabla ya kuugua, huku kano na kovu lake vikiwa bado nyuma. Maelezo yote yaliyo hapa chini yanalenga kuziba pengo hilo kwa mazoezi yanayotumia uzito wa mwili tu, bila vyuma wala mashine.

Kitanda huchukua nini

Mwaka 1966 huko Dallas, Marekani, vijana watano wenye afya, wote wa miaka 20, walikubali kulala kitandani wiki tatu ili wapimwe. Uwezo wa miili yao kutumia oksijeni katika mazoezi makali ulishuka kwa asilimia 27 hivi. Walipopimwa tena miaka 30 baadaye, ilionekana kwamba zile wiki tatu ziliwashusha zaidi kuliko miaka 30 ya umri. Utafiti huohuo una upande wa pili ambao kila mgonjwa anapaswa kuusikia: baada ya takriban wiki 8 za mazoezi, kwa wastani uwezo wao ulirudi na kupita ulipokuwa kabla ya kulala.

Ukilala muda mrefu, kiasi cha maji katika damu hupungua ndani ya siku chache za mwanzo. Ukisimama, damu hushuka miguuni, moyo hauna damu ya kutosha ya kusukuma, na kizunguzungu kinakuja. Misuli inayopotea haraka ni ile inayotushikilia tusianguke: mapaja, makalio, mashavu ya miguu na mgongo. Mikono huathirika kidogo kuliko miguu. Kwa hiyo mazoezi ya kurudi huanzia miguuni, na mtu anayeanza kwa kuhesabu pushapu ameanzia pasipo na pengo kubwa.

Tena nguvu hushuka kuliko ukubwa wa msuli unavyoonyesha, kwa sababu neva nazo husahau kuiamsha misuli yote kwa pamoja. Ndiyo maana wiki mbili hadi nne za kwanza za mazoezi huleta maendeleo ya kushangaza: neva ndizo zinazojifunza upya, msuli bado haujakua. Mtu akiona ametoka marudio manne hadi kumi kwa wiki tatu, asidhani kano zake nazo zimeongezeka uimara mara mbili na nusu.

Maswali ya kumuuliza daktari, kwa maneno kamili

Swali "naruhusiwa kufanya mazoezi?" huzaa jibu la "ndiyo, kidogokidogo", na mtu anarudi palepale. Uliza hivi: Naruhusiwa kunyanyua au kusukuma kilo ngapi, na hadi tarehe gani? Kuna upande au kiungo nisichopaswa kukiegemea? Mapigo ya moyo wangu yasizidi mangapi? Na dawa ninazotumia zinabadilisha nini?

Hilo la dawa halipewi uzito unaostahili. Dawa za moyo na presha za kundi la beta-bloka huzuia mapigo ya moyo yasipande, kwa hiyo anayezitumia hawezi kupima juhudi zake kwa kuhesabu mapigo. Anayetumia insulini, au vidonge vya kisukari vinavyoweza kuishusha sukari chini ya kiwango, anaweza kuishiwa sukari mwilini wakati wa mazoezi au saa kadhaa baadaye. Dawa za kuzuia damu isigande hufanya anguko dogo kuwa jambo kubwa, hivyo mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja yafanyiwe pembeni mwa ukuta. Steroidi (dawa za kutuliza uvimbe mwilini, kama prednisoloni) zikitumika kwa muda hudhoofisha misuli ya mapaja na nyonga. Na aliyepewa antibiotiki za kundi la siprofloksasini na levofloksasini ajue kwamba zinaongeza hatari ya kano kuvimba au kukatika, hasa ile ya nyuma ya kisigino, na hatari hiyo inaweza kuendelea miezi kadhaa baada ya kumaliza dozi. Mwenye umri zaidi ya miaka 60 au anayetumia steroidi kwa wakati mmoja yuko hatarini zaidi. Mtu huyu asiruke kamba wala asikimbie mapema, hata kama anajisikia vizuri kiasi gani.

Kwa waliofanyiwa upasuaji, ngozi kufunga si dalili kwamba kazi imekwisha ndani. Kidonda cha ngozi kikiwa na wiki tatu kina takriban robo tu ya uimara wa ngozi ya awali. Kwenye miezi mitatu hukaribia asilimia 80, na hakivuki hapo sana. Aliyepasuliwa tumbo akikaza misuli kwa nguvu kabla ya wakati hujiweka katika hatari ya henia kwenye kovu. Aliyepasuliwa kifua kwa upasuaji wa moyo huwa na masharti ya kutosukuma kwa mikono, kwa kawaida kwa wiki 6 hadi 12 kutegemea agizo la hospitali. Kwake hata kusukuma ukuta, au kujiinua kitini kwa kukandamiza mikono, kunasubiri ruhusa.

Acha zoezi na utafute msaada wa haraka ukipata kifua kubana, pumzi kukata ghafla, moyo kudunda ovyo, kuzimia au kukaribia kuzimia, au upande mmoja wa mwili kulegea. Shavu la mguu mmoja likivimba, likawa la moto na kuuma, usilikande wala usilinyooshe: huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Na maumivu makali ya misuli yakifuatana na mkojo wa rangi ya kahawia iliyokoza, misuli imevunjika kupita kiasi na figo ziko hatarini. Hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.

Namna ya kupunguza uzito usiopungua

Mwenye vyuma huondoa kilo mbili akaendelea. Mwili wako una uzito uleule leo na kesho, kwa hiyo kinachobadilishwa ni vitu vingine vinne: pembe ya mwili, kina cha mwendo, kasi, na msaada wa mikono.

Pushapu inaonyesha jambo hili vizuri kwa sababu imepimwa. Pushapu ya kawaida sakafuni huibebesha mikono takriban asilimia 64 ya uzito wa mwili. Ukipiga magoti, hushuka hadi asilimia 49 hivi. Mikono ikiwekwa juu ya kitu chenye urefu wa sentimita 30, ni asilimia 55. Kwenye sentimita 60, ni asilimia 41. Mtu wa kilo 70 anayeshuka kutoka kimo cha sentimita 60 hadi sakafuni ameongeza kilo 16 kwa mkupuo mmoja. Hakuna mtaalamu angemwongezea mgonjwa mzigo huo kwa siku moja, lakini watu hujiongezea wenyewe bila kujua.

Kwa hiyo njia ya mikono ni hii: ukutani kwanza, halafu kwenye meza nzito isiyoteleza, kisha kwenye benchi au kiti kilichoegemezwa ukutani, baadaye magoti sakafuni, mwisho pushapu kamili. Ukutani, simama umbali wa mkono ulionyooshwa, viganja viwe usawa wa kifua, viwiko vitoke kama nyuzi 45 kutoka ubavuni. Shuka kwa sekunde tatu, rudi kwa moja au mbili. Kinachoharibika mara nyingi ni shingo kutangulia mbele huku kifua kikibaki nyuma, au mabega kupanda hadi masikioni. Yote mawili humaanisha pembe ni ngumu mno: sogeza miguu karibu na ukuta.

Zoezi la kiti

Kama mtu ana nguvu ya zoezi moja tu kwa siku, kwa maoni yetu liwe kukaa na kusimama. Linarudisha misuli iliyopotea zaidi, na ndilo linaloamua kama mtu ataweza kwenda msalani bila kushikwa mkono.

Tumia kiti kigumu kisicho na magurudumu, chenye urefu wa sentimita 43 hadi 45, mgongo wake ukiegemea ukuta. Kaa katika nusu ya mbele ya kiti. Vuta nyayo nyuma hadi visigino viwe nyuma kidogo ya magoti, upana sawa na nyonga. Inama mbele kutoka kwenye nyonga mpaka pua ipite juu ya vidole vya miguu, ndipo usukume sakafu kwa nyayo nzima. Toa pumzi unapopanda. Simama wima kabisa, kaza makalio kwa sekunde moja, kisha rudi chini kwa sekunde tatu.

Wengi hushindwa kusimama kwa sababu wanajaribu kupanda wima bila kwanza kuinama mbele. Uzito unabaki nyuma na mwili unarudi kitini. Wengine hushuka vizuri halafu hujibwaga sentimita kumi za mwisho. Hapo ndipo paja linafanya kazi ngumu kuliko kote, na kujibwaga ni dalili kwamba kina kimezidi uwezo. Weka mto mgumu juu ya kiti, kimo kiongezeke, kazi iwe ya kudhibitika mpaka chini. Magoti yakiingia ndani, fikiria kuitandaza sakafu kwa miguu ukielekea pembeni. Na usizuie pumzi: kuibana huku ukijikaza hupandisha presha kwa ghafla, jambo baya kwa mwenye shida ya moyo, kovu la tumbo au historia ya kiharusi.

Ugumu uongezwe kwa mpangilio huu: mikono miwili ikisaidia kwenye viegemeo vya kiti, mkono mmoja, mikono kifuani, kiti bila mto, kushuka kwa sekunde tano, kugusa kiti bila kukaa, na baadaye sana kupanda ngazi moja kwa mguu mmoja.

Mazoezi mengine matatu yanatosha kukamilisha. Kuinua nyonga ukiwa chali, magoti yamekunjwa: panda, shikilia sekunde tatu, shuka. Nyuma ya paja ikikaza na kuuma ghafla, visigino viko mbali. Visogeze karibu na makalio. Kusimama kwa vidole huku umeshika ukuta: panda kwa sekunde mbili, shuka kwa tatu, kwa sababu ushukaji wa polepole husaidia kuijenga kano ya kisigino. La tatu ni la mgongo: ukiwa kwa mikono na magoti, nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, kiuno kisizame, shikilia sekunde tatu, badilisha. Asiyeweza kushuka sakafuni afanye la kuinua nyonga kitandani, na la mgongo alifanye amesimama, mikono mezani, akiinua mguu mmoja mmoja kwenda nyuma.

Walio na kizunguzungu wakisimama waanze chini. Kaa ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili, chezesha vifundo vya miguu juu na chini mara 20, ndipo usimame ukiwa umeshika kitu. Kama una mashine ya presha na namba ya juu inashuka kwa 20 au zaidi ndani ya dakika tatu za kusimama, mjulishe daktari kabla ya kuendelea. Mara nyingi dawa au maji ya kunywa vinahitaji kuangaliwa upya.

Kiasi, na mtihani wa kesho yake

Wiki mbili za kwanza: siku tatu kwa wiki, zisizofuatana. Mazoezi yaliyoelezwa hapo juu, seti moja kila moja, marudio 5 hadi 8. Acha ukiwa bado na uwezo wa marudio matatu au manne. Pumzika dakika moja hadi mbili katikati. Kwa kipimo cha 0 hadi 10, pale 10 ikiwa juhudi ya mwisho ya mwili, kaa kwenye 3 au 4, ambapo unaweza kuzungumza sentensi nzima bila kuikata. Siku zilizobaki tembea dakika tano mara mbili, uongeze dakika moja au mbili kila baada ya siku chache.

Ni kidogo, na makusudi yake ni hayo. Namna ulivyojisikia wakati wa zoezi si ushahidi wa kutosha. Ushahidi ni asubuhi inayofuata. Angalia mambo matatu. Kwanza maumivu: wakati wa zoezi yasivuke 3 kati ya 10, na ndani ya saa 24 yawe yamerudi yalipokuwa. Pili mapigo ya moyo kabla ya kutoka kitandani: yakizidi kawaida yako kwa 10 au zaidi, siku hiyo ni ya kutembea tu. Tatu uchovu: umeamka kama ulivyoamka jana, au umeshuka? Misuli kuuma saa 24 hadi 72 baada ya zoezi jipya ni kawaida, hasa kwenye mwendo wa kushuka. Kiungo kuvimba, au maumivu ya kuchoma mahali pamoja kwenye kano yanayoonekana kwa hatua za kwanza za asubuhi, si kawaida. Punguza kazi ya kiungo hicho kwa nusu kwa wiki nzima, usiache kabisa, kwani kano isiyopewa kazi hudhoofika zaidi.

Asubuhi zikiwa salama, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Ongeza rudio moja au mawili. Ukifika 12 katika siku mbili za mazoezi zinazofuatana, ongeza seti ya pili. Seti mbili za 12 zikiwa nyepesi, ndipo ubadilishe pembe au kina, na ukibadilisha rudi kwenye marudio 6. Hata kama misuli inasema twende, kaa kila ngazi wiki mbili. Muda huo ni wa kano. Kuruka, kukimbia na mazoezi ya kasi yasubiri wiki 12 hivi tangu uanze, na mpaka uweze kupanda kwa vidole vya mguu mmoja mara 15 au 20 bila maumivu.

Siku nzuri ina mtego wake. Mtu aliyekaa ndani mwezi mzima akiamka na nguvu hufagia nyumba, hutembea kilomita mbili na kufanya mazoezi mara mbili ya kawaida. Kazi za nyumbani nazo ni mzigo na zinaingia kwenye hesabu. Siku ya usafi mkubwa, fanya nusu ya mazoezi.

Uchovu usiofuata kanuni hizi

Kuna watu ambao baada ya ugonjwa wa virusi hawapati uchovu wa kawaida. Wanafanya kazi ndogo leo, wanajisikia sawa, halafu baada ya saa 12 hadi 72 wanaporomoka: mwili mzito, akili yenye ukungu, maumivu, usingizi usioburudisha, kwa siku au wiki. Kwao kuongeza mazoezi hatua kwa hatua kunaweza kudhuru. Mwaka 2021 taasisi ya NICE, inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, iliondoa pendekezo la mazoezi ya kuongezwa kwa ratiba kwa wagonjwa wa ugonjwa wa uchovu sugu. Ukijiona katika maelezo haya, usiendelee na ngazi zilizoelezwa hapa. Gawa shughuli za siku katika vipande vidogo vyenye mapumziko, usivuke kiwango kinachokuangusha, na utafute mtaalamu anayeujua ugonjwa huu. Kumwambia mgonjwa kama huyu ajikaze ni kumwongezea ugonjwa.

Kuhusu chakula, jambo la msingi ni protini. Kwa mtu mzima wa umri mkubwa aliyetoka kuugua, wataalamu hupendekeza gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, ikigawanywa kwenye milo yote, badala ya kurundikwa jioni. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini bila kumuuliza daktari wake.

Kupima, na kurudi nyuma inapobidi

Kila baada ya wiki nne pima kwa kiti kilekile: simama na kukaa mara tano haraka uwezavyo kwa usalama, mikono kifuani. Zaidi ya sekunde 15 kwa mtu mzee huchukuliwa kuwa alama ya hatari ya kuanguka. Kipimo kingine ni idadi ya kusimama ndani ya sekunde 30. Mwanamume wa miaka 60 hadi 64 anayepata chini ya 14, au mwanamke wa umri huo chini ya 12, yuko chini ya wastani. Andika namba na tarehe. Namba ya mwezi uliopita ndiyo ya kushindana nayo. Zile za kabla ya kuugua ziache kwanza.

Utakatizwa njiani, kwa mafua, safari au dawa mpya. Ukikosa siku chache, endelea ulipoishia. Ukikosa wiki, rudi ngazi moja. Ukikosa wiki mbili au zaidi, rudi ngazi mbili na ukate marudio kwa nusu. Utapanda haraka kuliko mara ya kwanza kwa sababu neva zimeshaijua njia. Ukiwa na homa usifanye zoezi lolote, na ikiisha subiri siku mbili bila dawa ya kuishusha ndipo uanze na kutembea.